Mashindano ya CECAFA ya kufuzu Ligi ya Mabingwa Afrika ya Wanawake

Mashindano ya CECAFA ya kufuzu Ligi ya Mabingwa Afrika ya Wanawake ni mashindano ya kila mwaka ya mpira wa miguu yanayokutanisha klabu bingwa za wanawake za nchi za Afrika Mashariki na maeneo ya jirani. Huandaliwa na Baraza la Vyama vya Soka vya Afrika Mashariki na Kati (CECAFA) kwa niaba ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika (CAF). Klabu moja tu, yaani bingwa wa mashindano, hupata nafasi ya kucheza fainali za Ligi ya Mabingwa Afrika ya Wanawake.

Mashindano yalichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021 jijini Nairobi, Kenya. Katika matoleo matano ya kwanza (2021 hadi 2025) ubingwa ulichukuliwa na klabu nne: Vihiga Queens ya Kenya, Simba Queens ya Tanzania, CBE ya Ethiopia na JKT Queens ya Tanzania. JKT Queens ndiyo pekee iliyotwaa ubingwa mara mbili katika kipindi hicho.

## Asili

Kwa miaka mingi soka la wanawake barani Afrika lilikuwa na mashindano ya timu za taifa tu. Klabu za wanaume zilikuwa zikishindana barani tangu miaka ya 1960, na katika kanda ya CECAFA klabu za wanaume zimekuwa na kombe lao tangu 1974, ambalo leo hujulikana kama Kombe la Kagame. Klabu za wanawake hazikuwa na kitu kama hicho. Timu iliyotwaa ubingwa wa nchi yake ilikuwa imefika mwisho wa safari. Msimu uliofuata ilianza upya dhidi ya wapinzani walewale.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 2020, CAF ilipotangaza kuanzisha Ligi ya Mabingwa Afrika ya Wanawake. Fainali za kwanza zilifanyika Misri mwezi Novemba 2021. Kwa kuwa fainali zina nafasi 8 tu na CAF ina wanachama zaidi ya 50, ilibidi kuwe na njia ya kuchuja mabingwa wa nchi. Njia iliyochaguliwa ni mashindano ya kanda.

## Kwa nini kanda

Katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanaume, klabu hupangwa kwa droo na kucheza mechi mbili, moja nyumbani na moja ugenini, tangu raundi ya awali. Klabu ya Tanzania inaweza kupangwa na klabu ya Angola au ya Libya, na kila raundi huja na safari ya ndege, hoteli na maandalizi ya uwanja. Klabu nyingi za wanawake hazina mapato ya kubeba gharama hizo kwa raundi mbili au tatu.

Mashindano ya kanda hupunguza mzigo huo. Timu zote husafiri mara moja, hukaa katika mji mmoja na kumaliza mechi zote ndani ya wiki mbili au tatu. Safari huwa fupi kwa sababu washiriki ni majirani.

CAF imegawa bara katika kanda sita, na kila kanda huandaa mashindano yake ya kufuzu:

- UNAF: Afrika Kaskazini
- WAFU A: sehemu ya magharibi ya Afrika Magharibi, kama Senegal, Mali na Liberia
- WAFU B: sehemu ya mashariki ya Afrika Magharibi, kama Nigeria, Ghana na Cote d'Ivoire
- UNIFFAC: Afrika ya Kati
- CECAFA: Afrika Mashariki
- COSAFA: Afrika ya Kusini

Mipaka ya kanda za soka hailingani na mipaka ya lugha wala ya jumuiya za kiuchumi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mfano mzuri. Watu wa Lubumbashi huzungumza Kiswahili, na nchi hiyo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini katika soka iko chini ya UNIFFAC. Kwa sababu hiyo TP Mazembe ya Lubumbashi, iliyotwaa ubingwa wa Afrika wa wanawake mwaka 2024, haikukutana na klabu za Tanzania au Kenya katika hatua ya kufuzu.

## Nafasi nane za fainali

Tangu 2022 nafasi 8 za fainali za Afrika zimegawanywa hivi: mabingwa wa kanda sita hupata nafasi moja kila mmoja, klabu ya nchi mwenyeji hupata moja, na bingwa mtetezi hupata moja. Mwaka 2021 hapakuwa na bingwa mtetezi, hivyo nafasi ya ziada ilikwenda kwa kanda ya WAFU B, ambako inatoka Nigeria, bingwa wa Kombe la Mataifa ya Afrika la Wanawake la 2018.

Mgawanyo huu una maana kubwa kwa CECAFA. Kanda inaweza kuwa na klabu mbili kwenye fainali ikiwa mojawapo ya nchi zake ni mwenyeji au ikiwa klabu yake ni bingwa mtetezi. COSAFA ilipata faida hiyo mwaka 2022, Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini ilipoingia kama bingwa mtetezi na Green Buffaloes ya Zambia ikaingia kama bingwa wa kanda. Fainali tano za kwanza zilichezwa Misri (2021), Moroko (2022), Cote d'Ivoire (2023), Moroko (2024) na Misri (2025), na hakuna klabu ya CECAFA iliyowahi kuwa bingwa katika fainali hizo. Kwa hiyo kila mwaka kanda nzima imekuwa na mwakilishi mmoja tu.

## Washiriki

CECAFA ina wanachama 12: Burundi, Eritrea, Ethiopia, Jibuti, Kenya, Rwanda, Somalia, Sudan, Sudan Kusini, Tanzania, Uganda na Zanzibar. Kila mwanachama anaruhusiwa kupeleka klabu moja, ambayo kwa kawaida ni bingwa wa ligi ya wanawake ya nchi hiyo. Si wote wanaoshiriki kila mwaka. Matoleo ya 2021 na 2022 yalikuwa na timu 8 kila moja.

Nchi hukosa kushiriki kwa sababu mbalimbali: kukosa ligi ya wanawake iliyokamilika, vita, uhaba wa fedha, au adhabu. Mfano wa adhabu ni Kenya mwaka 2022. Shirikisho la soka la nchi hiyo lilifungiwa na FIFA mwezi Februari mwaka huo baada ya serikali kuingilia uendeshaji wake, na adhabu haikuondolewa hadi Novemba. Kenya, ambayo klabu yake ilikuwa bingwa wa kwanza wa kanda, haikuwa na mwakilishi katika mashindano ya Agosti 2022. Wachezaji hawakuwa wamekosa lolote, lakini mwaka wao ulipotea.

Zanzibar ina nafasi ya pekee. Ni mwanachama mshiriki wa CAF, na ni mwanachama kamili wa CECAFA. Timu yake ya taifa haichezi Kombe la Mataifa ya Afrika, lakini klabu zake huruhusiwa kucheza mashindano ya klabu ya CAF. Kwa hiyo Tanzania Bara na Zanzibar hupeleka kila moja klabu yake. New Generation, Warriors Queens na JKU Princess ni miongoni mwa klabu zilizoiwakilisha Zanzibar.

## Muundo

Katika matoleo mawili ya kwanza timu ziligawanywa katika makundi mawili ya timu nne. Kila timu ilicheza mara moja na kila timu ya kundi lake. Ushindi ni pointi 3, sare pointi 1, na kufungwa hakuna pointi. Timu mbili za juu za kila kundi ziliingia nusu fainali, na washindi wa nusu fainali wakacheza fainali. Walioshindwa katika nusu fainali walicheza mechi ya kutafuta mshindi wa tatu. Idadi ya makundi inaweza kubadilika kulingana na idadi ya timu, lakini hatua za mtoano hubaki zilezile.

Bingwa wa muundo huo hucheza mechi tano: tatu za kundi, nusu fainali na fainali. Mwaka 2022 mechi hizo zilichezwa kati ya 14 na 27 Agosti, sawa na mechi moja kila baada ya siku mbili au tatu. Ratiba ya namna hii hupima mambo ambayo ligi haiyapimi:

- Upana wa kikosi. Timu yenye wachezaji 11 wazuri na akiba dhaifu huchoka kabla ya nusu fainali.
- Nidhamu. Kadi nyekundu moja inaweza kumwondoa mchezaji muhimu katika mechi inayofuata, na hakuna muda wa kurekebisha.
- Tofauti ya mabao. Kundi lina mechi tatu tu, hivyo sare moja inaweza kuamua nani anasonga mbele. Timu kubwa hujitahidi kufunga mabao mengi dhidi ya timu dhaifu.
- Hali ya hewa na mwinuko. Dar es Salaam iko usawa wa bahari na ina joto. Nairobi iko juu kwa takriban mita 1,700, na Addis Ababa kwa zaidi ya mita 2,300, ambako hewa ni nyepesi na mgeni huishiwa pumzi mapema.

Mashindano hufanyika Agosti au Septemba ili bingwa apate muda wa kujiandaa kwa fainali za Afrika za Novemba.

## Matoleo

| Mwaka | Mahali | Bingwa | Matokeo ya fainali | Mshindi wa pili |
|---|---|---|---|---|
| 2021 | Nairobi, Kenya | Vihiga Queens (Kenya) | 2-1 | CBE (Ethiopia) |
| 2022 | Dar es Salaam, Tanzania | Simba Queens (Tanzania) | 1-0 | She Corporates (Uganda) |
| 2023 | Njeru, Uganda | JKT Queens (Tanzania) | 0-0, penalti | CBE (Ethiopia) |
| 2024 | Addis Ababa, Ethiopia | CBE (Ethiopia) | 1-0 | Kenya Police Bullets (Kenya) |
| 2025 | Nairobi, Kenya | JKT Queens (Tanzania) | 1-0 | Rayon Sports (Rwanda) |

### 2021

Toleo la kwanza lilifanyika Nairobi kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Septemba. Wenyeji Vihiga Queens, klabu kutoka kaunti ya Vihiga magharibi mwa Kenya, waliitoa Simba Queens katika nusu fainali, kisha wakaifunga CBE 2-1 katika fainali. Mmoja wa wachezaji wao tegemeo alikuwa mshambuliaji Jentrix Shikangwa, ambaye baadaye alichezea Simba Queens. CBE, ambayo jina lake ni kifupi cha jina la Kiingereza la Benki ya Biashara ya Ethiopia, iliongozwa na mshambuliaji mashuhuri Loza Abera.

### 2022

Tanzania iliandaa toleo la pili katika uwanja wa Azam Complex, Chamazi, jijini Dar es Salaam. Simba Queens walifika fainali na kuifunga She Corporates ya Uganda 1-0 kwa mkwaju wa penalti uliopigwa na Mkenya Vivian Corazone Aquino. Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu ya wanawake ya Tanzania kufuzu fainali za Afrika.

### 2023

Mashindano yalihamia kituo cha ufundi cha shirikisho la soka la Uganda kilichopo Njeru, karibu na Jinja. JKT Queens, wakiwa na kocha Esther Chabruma, aliyewahi kuchezea timu ya taifa ya Tanzania, walikutana na CBE katika fainali. Dakika zote ziliisha bila bao na JKT Queens wakashinda kwa mikwaju ya penalti. Walikuwa klabu ya kwanza kutwaa ubingwa huo nje ya nchi yao.

### 2024

CBE, waliokuwa wamefungwa katika fainali mbili, walipata nafasi ya kucheza nyumbani katika uwanja wa Abebe Bikila, Addis Ababa. Waliifunga Kenya Police Bullets 1-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Ethiopia kufuzu kwa njia hii.

### 2025

Mashindano yalirudi Nairobi mwezi Septemba. JKT Queens waliifunga Rayon Sports ya Rwanda 1-0 na kutwaa ubingwa wa pili, tena ugenini.

Jedwali la juu linaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba hakuna fainali iliyoamuliwa kwa tofauti ya zaidi ya bao moja. La pili ni kwamba mara tatu kati ya tano bingwa alikuwa klabu ya nchi mwenyeji. Kwa hiyo uamuzi wa wapi mashindano yachezwe si jambo dogo: timu mwenyeji haisafiri, inajua uwanja na hali ya hewa, na ina mashabiki wake.

## Wawakilishi wa kanda katika fainali za Afrika

Vihiga Queens walitolewa katika hatua ya makundi mwaka 2021. Katika kundi lao zilipita Mamelodi Sundowns, ambao hatimaye walitwaa kombe, na AS FAR ya Moroko.

Simba Queens walifanya vizuri zaidi mwaka 2022 nchini Moroko. Walifungwa 1-0 na wenyeji AS FAR, wakaifunga Determine Girls ya Liberia 2-0, kisha Green Buffaloes 2-0, wakaingia nusu fainali. Huko walifungwa 1-0 na Mamelodi Sundowns. Katika mechi ya mshindi wa tatu walifungwa 1-0 na Bayelsa Queens ya Nigeria wakamaliza nafasi ya nne. Mechi zote tatu walizopoteza zilikuwa za tofauti ya bao moja.

JKT Queens mwaka 2023 na 2025, pamoja na CBE mwaka 2024, hawakuvuka hatua ya makundi. Hadi 2025 Simba Queens walikuwa klabu pekee ya CECAFA iliyowahi kufika nusu fainali.

Mabingwa wa Afrika katika kipindi hicho walikuwa Mamelodi Sundowns (2021 na 2023), AS FAR (2022 na 2025) na TP Mazembe (2024). Bingwa wa Afrika sasa ana mlango mwingine: Kombe la Mabingwa la Wanawake la FIFA, ambalo hatua yake ya mwisho ya toleo la kwanza ilichezwa London mwanzoni mwa 2026, AS FAR wakiiwakilisha Afrika.

## Thamani ya nafasi moja

Kufuzu si heshima tu. CAF hutoa zawadi ya fedha kwa kila klabu inayocheza fainali, hata ile inayomaliza ya mwisho katika kundi. Katika matoleo ya 2021 hadi 2023 bingwa alipata dola za Marekani 400,000, mshindi wa pili 250,000, na timu ya mwisho katika kundi 100,000. Mwaka 2024 viwango viliongezwa: bingwa dola 600,000, mshindi wa pili 400,000, wa tatu 350,000, wa nne 300,000, wa tatu katika kundi 200,000 na wa mwisho katika kundi 150,000. Jumla yake ni dola 2,350,000.

Kwa kipimo hicho, bao moja katika fainali ya CECAFA ya 2024 lilikuwa na thamani isiyopungua dola 150,000. Klabu iliyoshinda ilikuwa na uhakika wa kiasi hicho kabla hata ya kupanda ndege kwenda Moroko. Iliyofungwa ilirudi nyumbani bila nafasi hiyo. Kwa klabu ya wanawake, fedha hizo zinaweza kulipa mishahara, matibabu ya wachezaji walioumia, na usafiri wa msimu mzima.

Faida nyingine ni kwa mchezaji mwenyewe. Mechi za kanda na za Afrika huonyeshwa kwenye televisheni na kutazamwa na mawakala. Opa Clement, mshambuliaji wa Simba Queens katika kikosi cha 2022, alikwenda kucheza soka la kulipwa Uturuki.

## Nani anazimiliki klabu

Klabu zinazofika mbali katika mashindano haya hufanana katika jambo moja: nyuma yake kuna taasisi. JKT Queens ni timu ya Jeshi la Kujenga Taifa. Kenya Police Bullets ni ya polisi. CBE ni ya benki. Simba Queens na Rayon Sports ni matawi ya klabu kubwa za wanaume. Taasisi hutoa uwanja wa mazoezi, chakula, usafiri na mara nyingine ajira, ili mchezaji asilazimike kuchagua kati ya mpira na riziki.

Aina nyingine ni klabu zilizotokana na shule. Kawempe Muslim ya Kampala, iliyowahi kuwa bingwa wa Uganda, ilikua kutoka shule ya sekondari yenye jina hilo. Nchini Tanzania, Alliance Girls ya Mwanza na Fountain Gate Princess ya Dodoma zina mizizi ya aina hiyo. Klabu hizi hulea vipaji vingi, lakini mara nyingi wachezaji bora huhamia klabu zenye fedha.

CAF imeongeza msukumo kupitia kanuni za leseni za klabu, zinazozitaka klabu za wanaume zinazocheza mashindano ya Afrika ziwe na timu ya wanawake. Kanuni hiyo inaongeza idadi ya timu, ingawa kuwa na timu kwenye karatasi na kuihudumia vizuri ni mambo mawili tofauti.

## Njia ya Tanzania Bara

Mwakilishi wa Tanzania Bara ni bingwa wa Ligi Kuu ya Wanawake, inayosimamiwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF). Ligi hiyo ilianza msimu wa 2016/17 na bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens ya mkoa wa Pwani. Baada ya hapo ubingwa umekuwa wa klabu mbili tu hadi 2024/25: JKT Queens (2017/18, 2018/19, 2022/23 na 2024/25) na Simba Queens (2019/20, 2020/21, 2021/22 na 2023/24). Ndiyo sababu katika matoleo matano ya mashindano ya kanda Tanzania Bara imewakilishwa na Simba Queens mara tatu na JKT Queens mara mbili.

Chini ya Ligi Kuu kuna madaraja ya chini na ligi za mikoa. Kwa msichana anayekulia mbali na Dar es Salaam, njia huanza chini zaidi ya hapo. Katika mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, hatua ya kwanza kwa kawaida ni shule. Mwanafunzi wa shule ya msingi katika kijiji kama Binza anaweza kuonekana kupitia UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, inayopanda kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa. Akiingia sekondari, ngazi inayofanana na hiyo ni UMISSETA.

Ugumu huanza anapomaliza shule. Mkoa usio na klabu katika Ligi Kuu humlazimu mchezaji ahame ili aendelee. Kwa anayetoka Simiyu, klabu za jirani zilizowahi kucheza Ligi Kuu ni kama Alliance Girls ya Mwanza na Bunda Queens ya mkoa wa Mara. Wazazi wengi husita kumruhusu binti wa miaka 17 au 18 kwenda mji wa mbali bila kujua atalala wapi, atalipwa nini na nani atamtibu akiumia. Hofu hiyo ina msingi, na klabu yenye bweni, mkataba ulioandikwa na daktari huipunguza kuliko hotuba.

Ngazi nzima, kutoka uwanja wa shule hadi fainali za Afrika, inaweza kufupishwa hivi:

1. Michezo ya shule (UMITASHUMTA na UMISSETA)
2. Timu za mitaa na ligi ya mkoa
3. Madaraja ya chini ya taifa
4. Ligi Kuu ya Wanawake
5. Mashindano ya kufuzu ya CECAFA
6. Fainali za Ligi ya Mabingwa Afrika ya Wanawake

Katika hatua za 4 na 5 anayepita ni mmoja tu.

## Uhusiano na timu za taifa

Mashindano ya klabu hayapaswi kuchanganywa na Kombe la CECAFA la Wanawake, ambalo ni la timu za taifa. Kombe hilo lilichezwa kwa mara ya kwanza Zanzibar mwaka 1986, likakaa miaka 30 bila kuchezwa, kisha likarudi Jinja, Uganda, mwaka 2016. Tanzania ilitwaa ubingwa mwaka huo na tena 2018.

Hata hivyo mashindano haya mawili husaidiana. Wachezaji wa timu ya taifa hupata mechi ngumu zaidi wakiwa na klabu zao, na nchi yenye ligi imara huwa na wachezaji wengi wa kuchagua. Kwa upande mwingine, klabu zinazosajili wachezaji wa nchi jirani huinua kiwango cha ligi lakini pia huchukua nafasi za wachezaji wa nyumbani.

## Hoja zinazojadiliwa

Hoja ya kwanza ni idadi ya nafasi. Wanachama 12 kushindania nafasi moja kunamaanisha kwamba klabu nzuri hubaki nje kila mwaka. CBE ni mfano: katika matoleo manne ya kwanza ilifika fainali mara tatu, lakini ilikwenda Afrika mara moja. Wanaotaka nafasi ziongezwe huonyesha mifano kama hiyo. Wanaopinga husema kwamba matokeo ya wawakilishi wa kanda katika fainali za Afrika bado hayajaonyesha kuwa inastahili nafasi mbili.

Hoja ya pili ni muda. Mabingwa wa kanda hupata mechi tano au sita ngumu kwa mwaka nje ya nchi, ilhali timu za Moroko, Afrika Kusini na Nigeria hucheza ligi zenye ushindani mkubwa zaidi. Ligi yenye timu mbili tu zinazoweza kutwaa ubingwa haimwandai bingwa wake kwa mechi za Novemba.

Hoja ya tatu ni uwiano ndani ya kanda. Ubingwa umekwenda Tanzania, Kenya na Ethiopia tu; Uganda na Rwanda zimefika fainali. Klabu za Jibuti, Sudan Kusini, Burundi na Zanzibar hazijafika hatua hiyo, na katika baadhi ya mechi za makundi hufungwa mabao mengi. Hata hivyo kwa klabu hizo kushiriki kuna faida yake, kwa sababu hulilazimu shirikisho la nchi kuendesha ligi ya wanawake hadi mwisho ili kumpata bingwa. Bila ligi iliyokamilika, hakuna jina la kupeleka CECAFA.